Naogopa mvua ya Pugu kuliko ya hapa kwetu

Swali lenu la wiki lilikuwa: "Mvua za masika zikitangazwa, unaogopa nini hasa, na ungependa nani afanye nini?" Mimi ni fundi cherehani na mpangaji, naishi Kigogo, Dar es Salaam, upande wa bondeni karibu na Mto Msimbazi. Mtanisamehe nikijibu kwa kirefu. Majibu mafupi tumeyasikia miaka yote: wakazi wa mabondeni wahame, wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari. Twende wapi na saa ngapi, hapo kila mtu ananyamaza.

Ninachoogopa kwanza ni mvua nisiyoiona. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu, huko Kisarawe, unashuka kupitia pande za Gongo la Mboto, Kinyerezi na Tabata hadi kwetu, halafu Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Selander. Njiani unameza mito mingine, ukiwamo wa Ubungo na wa Sinza. Kwa hiyo Kigogo panaweza kuwa na manyunyu tu, watu wanakaanga chipsi barabarani kama kawaida, na baada ya muda mto ukaja umefura, mwekundu kwa udongo, unasukuma magogo na chupa za plastiki. Huko juu zamani palikuwa na miti na mashamba, maji yakizama ardhini taratibu. Leo ni mabati, saruji na barabara. Maji yote yanakimbilia mtoni kwa mara moja, tena yanashuka na mchanga. Mchanga ukifika Jangwani, penye tambarare, unatua, kina cha mto kinapungua, na mvua inayofuata inakuta mto hauna nafasi. Makatapila huja kuuzoa, malori yakabeba, na masika nyingine unarudi.

Halafu kuna bahari. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, siku zile za mwezi ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, mto unabanwa mdomoni na maji yanakosa pa kutokea, yanatuama kwetu. Wavuvi wa Feri wanaujua mwezi na wanajua siku za bamvua bila kuuliza mtu. Lakini mimi sijapata kusikia tangazo linalotuambia sisi wa bondeni kwamba usiku wa leo mvua ya Pugu na maji kujaa baharini vitakutana saa fulani, kwa hiyo msilale.

Sisemi haya kuwabeza watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaikaribia pwani yetu, walitangaza mapema, wakafuatilia hatua kwa hatua, na boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kazi ile ilikuwa nzuri na inastahili shukrani. Shida ni kwamba tangazo la mvua huja kwa mikoa: Dar es Salaam, Pwani, Tanga, Unguja na Pemba, rangi ya njano au ya chungwa, na chini yake neno la jumla kwamba baadhi ya makazi yanaweza kuzungukwa na maji. Mkazi wa Mbezi Beach ghorofani na mimi wa bondeni tunapata ujumbe uleule. Ukipokea njano mara nyingi na maji yasifike mlangoni, unaanza kulala. Siku yanapofika, tangazo lilikuwepo, ni kweli, lakini halikukusaidia kuamua lolote.

Kinachonisaidia mimi ni shoga yangu anayeishi Ulongoni, huko juu mtoni. Anapiga simu usiku, hata salamu hatoi: "Mama Salma, huku daraja halionekani. Toeni vitu." Hapo ndipo tunaanza. Vyeti vya watoto na kadi za kliniki vinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Godoro linapanda juu ya kabati, unga na mchele vinaning'inizwa kwenye boriti. Friji ya jirani imeshajengewa matofali, tunaongeza mengine. Kazi kubwa ni cherehani, maana ni ya miguu, ya chuma, inataka watu wawili waibebe hadi juu ya meza. Vitambaa vya wateja navifunga kwa turubai. Mwaka mmoja sikuwahi, nikaopoa vitenge vya sare ya harusi kutoka kwenye tope lililochanganyika na choo, kwa sababu wapo watu wanaosubiri mafuriko ili watapishe vyoo vyao. Hilo la vyoo huwa linasemwa kwa kunong'ona. Mimi nalisema waziwazi: ni uovu, watoto wanaugua baada ya maji kupungua, na serikali za mitaa zinawajua wanaofanya hivyo.

Mnauliza mbona hatuhami. Mama mwenye nyumba wetu alikuwepo hapa Desemba 2011, mvua ile iliyoua watu zaidi ya 40 jijini, siku chache tu kabla ya Krismasi. Mstari wa maji ya mwaka ule bado uko ukutani kwake, juu ya dirisha. Kila akipaka chokaa anauacha makusudi ili mpangaji mpya auone. Baada ya yale, serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji. Ardhi ni kavu, hilo halina ubishi. Lakini waliopelekwa wengi wao walikuwa watu wa kutafuta riziki Kariakoo na Ilala: mama lishe, wachuuzi, wabeba mizigo, mafundi kama mimi. Huku mtu anatoka alfajiri kwa miguu na anafika sokoni. Kule nauli ya kwenda na kurudi inameza faida ya siku. Wengine walivumilia, wengine walirudi bondeni wakapanga chumba. Mwishoni mwa 2015 ikaja bomoabomoa, na alama nyekundu za X kwenye kuta, kwa sheria ya mazingira inayokataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sheria ni nzuri. Waliovunjiwa wakiwa hawana pa kwenda walikwenda bonde jingine.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotoa ushauri wa kuhama hawalitaji kabisa, nalo ni kodi. Mjini hapa mwenye nyumba anataka miezi sita mkononi, wengine mwaka. Ukilipa Januari, masika inakukuta Machi ukiwa umebakiza miezi minne ndani ya chumba kile. Ukiondoka, fedha imepotea, na huko uendako unatakiwa utoe miezi sita mingine siku hiyohiyo. Nani kati ya washona nguo wa Kigogo ana kodi mbili kwa pamoja? Nikikaa nasikiliza mvua inapiga bati usiku wa manane, nusu ya hofu yangu ni maji, nusu ni hesabu hiyo. Na simo peke yangu. Mitaa ya bondeni imejaa wapangaji.

Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022, mimi nauunga mkono. Mto upanuliwe, Jangwani pajengwe daraja la juu ili barabara ya Morogoro isifungwe kila mvua inaponyesha, bonde libaki la maji na miti. Wenye nyumba waliofidiwa wameanza maisha kwingine. Ila fidia ya nyumba ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anapewa taarifa, anafunga mizigo, na kwa kuwa mfuko ni uleule, anatafuta chumba cha bei ileile, na chumba cha bei ile mara nyingi kiko tena kando ya mto. Miti ikishapandwa Jangwani, watu wale wahesabiwe tena popote walipo, ijulikane kama walitoka kwenye maji au walihamishiwa maji mengine.

Tusijidanganye kwamba hili ni la Msimbazi tu. Desemba 3, 2023 tope liliporomoka kutoka Mlima Hanang likaingia Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Kufikia mwishoni mwa Aprili 2024 serikali ilitangaza bungeni kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini, huku Rufiji wakilala juu ya paa na kwenye mitumbwi. Siku hizohizo wenzetu wa Mathare, Nairobi, walikuwa wanapita tuliyopita sisi: mto umejaa, kisha amri ya kuhama, kisha tingatinga.

Sasa nani afanye nini. Ujuzi wa mtaa kwa mtaa upo. Mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 uliwatuma wanafunzi wa vyuo na wakazi wakapita kata zetu kwa miguu, wakachora mitaro, nyumba na mahali maji yanapofika. Ninachoomba ni kwamba ujuzi huo uunganishwe na mto wenyewe. Nguzo yenye alama ichomekwe kwenye madaraja ya huko juu mtoni, Ulongoni na Kinyerezi. Awepo mtu anayelipwa kuitazama usiku. Maji yakivuka alama, simu ipigwe moja kwa moja kwa wenyeviti wa mitaa ya chini na kwa mwadhini, maana kipaza sauti cha msikiti kinafika mahali ambapo bando limeisha. Shoga yangu anaifanya kazi hiyo bure kwa nyumba moja.

Na tangazo hilo litaje mahali pa kwenda. Kwetu ni shule, iko juu kidogo, maji hayafiki. Mafuriko ya mwisho tulifika pale na watoto mgongoni tukakuta geti limefungwa kwa kufuli, mlinzi anasema ufunguo uko kwa mkubwa na mkubwa hapokei simu. Tulisimama ukutani na mvua yetu mpaka alfajiri, pamoja na mama mmoja aliyejifungua wiki ileile. Mwenyekiti wa mtaa tumeshamwambia, mtendaji wa kata tumeshamwambia. Kabla ya Machi tunataka tujue ufunguo wa pili anakaa nao nani, na jina lake libandikwe kwenye mbao za matangazo za mtaa, na namba ya simu inayopokelewa usiku.