Barua kwa mwanangu: wale wazee wa Alhamisi

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Nkuhungu tu wazima, ukiacha vumbi la mwezi huu na mgongo wa mama yako, ambao unaujua. Ujumbe wako niliusoma kwenye simu, kisha nikamtuma mdogo wako akauchapishe stesheneri, maana jambo zito siwezi kulijibu kwa kidole gumba.

Unasema umeitwa sehemu mbili. Dar kuna kile kituo binafsi chenye mshahara mnono, ambako utakaa kwenye MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ukipiga ubongo na moyo. Hapa Dodoma kuna kliniki ya wanajeshi wastaafu, ambako utafanya MRI na eksirei, vyote viwili. Na umeuliza: "Baba, nikienda kwa wazee wa jeshi si nitadumaa? Kutwa migongo na magoti?"

Kudumaa kunategemea mtu. Mimi nataka kukuambia habari ya maswali ya mlangoni, yale anayoulizwa mgonjwa kabla hajaingia kwenye mashine, na ninajua umeshaguna hapo ulipo, kwa sababu tangu uko chuoni nakuimbia wimbo huohuo: usiiulize fomu, muulize mtu. Vumilia. Safari hii nitakuambia ulikotoka.

Unakumbuka kwamba nilipokuwa kazini hospitali, mpiga eksirei, Alhamisi ilikuwa siku ya wastaafu wa jeshi. Walifika alfajiri, wamenyoa, mashati yamepigwa pasi, wamejipanga mstari bila kuambiwa na mtu. Kuwapiga picha ya kifua ilikuwa kazi ya pekee. Ukimwambia mzee asimame vizuri mbele ya kaseti, lile boksi bapa la filamu, anakakamaa kama yuko gwaride, mabega nyuma, na mimi nataka mabega yaje mbele ili mifupa ya bega isifunike mapafu. Nilihangaika nao mpaka nikagundua kwamba nikisema tu "mguu pande", mwili mzima unalegea. Waliokuwa mizinga hata hilo hawakulisikia, masikio yalikwisha siku nyingi. Hao tulielewana kwa mikono kupitia kioo: nikiinua mkono avute pumzi, nikiukunja ngumi azuie, nikiushusha apumue.

Sasa yule mzee wa Bahi. Wewe ulikuwa darasa la pili, na nitakukumbusha kwa nini unamfahamu ingawa hukuwahi kumwona. Alikuwa na mgongo unaomshuka mpaka mguuni, daktari akamwandikia rufaa aende Dar akapigwe MRI. Kabla ya kuondoka aje kwangu nimpige eksirei ya kiuno na nyonga. Mkononi alikuwa na fomu ya MRI, imejazwa na karani mapokezi, na kila mahali imeandikwa hapana. Kifaa cha moyo, hapana. Upasuaji, hapana. Chuma mwilini, hapana.

Picha ya kwanza alijisogeza, ikatoka na ukungu pembeni. Ya pili ikatulia. Nikaingia chumba cha giza, nikaiosha. Hukuwahi kuifanya kazi ile, ninyi ni watoto wa kompyuta, lakini hakuna kitu kama kusimama chini ya taa nyekundu, harufu ya dawa puani, ukiangalia mfupa wa mtu unajitokeza polepole kwenye maji. Nyonga ikaja. Kichwa cha paja kikaja. Halafu chini yake, ndani ya nyama, vikaja vipande vinne vyeupe kuliko mfupa, vyenye kona kali, kimoja kikubwa kama punje ya hindi.

Nikatoka na filamu inachuruzika. Nikamwambia, "Mzee wangu, fomu inasema huna chuma mwilini."

Akasema, "Fomu imeuliza kama daktari ameniwekea chuma. Hakuna daktari aliyeniwekea."

"Na hivi?"

"Hivyo aliviweka Amin."

Nilicheka, naye akacheka, halafu akakaa. Alikuwa mgambo, alichukuliwa mwishoni mwa 1978, baada ya Mwalimu kutangaza kwamba nia ya kumpiga tunayo. Alipita Kyaka wakati daraja limeshavunjwa. Aliumia mbele ya Lukaya, huko Uganda, wiki chache kabla Kampala haijaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vipande vingine walivitoa hukohuko, hivi wakaviacha kwa kuwa alikuwa anatembea na wengine walikuwa hawatembei. Karatasi zake zote alizihifadhi kwenye tembe, mchwa wakazila. Kwa hiyo kwenye orodha ya Alhamisi hakuwemo. Alikuwa akija na kubembeleza. Na nyumbani watoto wake walikuwa wameshachoka na hadithi za vita, wanasema ni za kijiweni.

Mmoja wa hao watoto alikuwa amesimama mlangoni, jibaba zima, ndiye aliyemleta. Mzee akaniomba ile filamu, akatoka nayo uani, akaiinua juani, akamwita mwanawe kwa jina. Hakusema lolote. Alimwonyesha kwa kidole, kipande kimoja baada ya kingine.

Kisha akaniomba nakala. Picha nzuri ilikuwa lazima iende Dar na rufaa, na yeye alijua vitu vinavyokwenda Dar havirudi. "Nipige nyingine, mwanangu, ya kwangu." Nikakataa. Mtu hapigwi mionzi kwa ajili ya kumbukumbu, apigwe kwa sababu ya tiba, na kwa kiasi kidogo kinachotosha. Hilo hata angekuwa babu yako mzaa baba nisingelipindisha. Ila nilikuwa na ile ya kwanza, yenye ukungu. Ukungu ulikuwa kwenye mfupa, vipande vilionekana bila shida. Nikaikausha, nikaifunga kwenye gazeti, nikampa.

Hapo ndipo wakubwa wangu waliponishika. Filamu mbovu zilikuwa zinahesabiwa na kutunzwa, kwa kuwa filamu ina madini ya fedha ndani yake na kuna watu huzinunua wakayatoa. Imepungua moja. Nikaandikiwa barua ya kujieleza. Kwa filamu moja mbovu! Na aliyenikabidhi barua alisema mbele ya wagonjwa, "Hospitali si studio ya picha." Benchi zima lilisikia. Mama yako anasema kila nikilisimulia jambo hili sauti hupanda, na kweli hata sasa kalamu nimeikandamiza.

Lakini nimtendee haki. Kanuni ilikuwa na maana yake. Kila mtu akigawa filamu kwa huruma, mwisho wa mwezi hesabu haipo. Na picha ya mgonjwa si ya kugawa ovyo. Haya, yote sawa. Ila ile ilikuwa picha ya mgonjwa mwenyewe, nyama yake mwenyewe, na ukiniuliza leo nitampa tena. Nilijieleza ukurasa mmoja na nusu. Nakala ninayo kwenye sanduku la bati, chini ya vyeti vyenu vya ubatizo.

Alhamisi iliyofuata mzee alirudi na jogoo. Mama yako alimpika na wewe ulililia paja mpaka kaka yako akakuachia. Huyo ndiye jogoo wa "mzee wa vipande", kama ulikuwa unajiuliza miaka yote jina lile lilitoka wapi.

Sasa niambie, yule mzee angelazwa kwenye MRI kwa kuifuata ile fomu? Wewe unalijua kuliko mimi, lakini nivumilie niliseme kwa ajili ya nafsi yangu. Sumaku ya tesla 1.5, tesla ndiyo kipimo cha nguvu ya sumaku, ina nguvu makumi ya maelfu ya mara kuliko ile ya dunia inayogeuza dira. Kipande cha bomu mara nyingi ni chuma kinachovutwa na sumaku. Risasi zipo ambazo sumaku haizitaki, lakini nyingi za bunduki ya SMG zina chuma ndani. Kikiwa kwenye paja na kovu limekishika miaka na miaka, huenda daktari bingwa wa radiolojia akaruhusu, na picha ikatoka na shimo jeusi pale kilipo. Kikiwa jichoni, au kimeegemea mshipa mkubwa, ni habari nyingine. Ndiyo maana hata fundi wa kuchomelea mageti pale Majengo, ambaye hajawahi kuiona vita, anapigwa eksirei ya macho kwanza. Ukiwa na vyumba vyote viwili chini ya mkono wako, eksirei na MRI, unamaliza jambo hilo asubuhi ileile bila kumrudisha mtu kwao Kondoa.

Kwa hiyo usimuulize mzee, "Una chuma mwilini?" Muulize, "Ulipigana wapi? Uliumia wapi? Ulirudi na nini?" Halafu nyamaza. Fomu ijazwe baadaye, na uijaze wewe.

Na kuna kelele. Ile mashine inagonga, inanyamaza, inagonga tena kwa mfululizo. Kijana wa Dar atasema ni kama muziki wa klabu. Mtu aliyelala kwenye handaki ataisikia kwa namna nyingine kabisa, naye amefungiwa ndani ya bomba, kichwa hakigeuki. Mwambie mapema itagonga vipi na kwa muda gani, mzibe masikio vizuri, mpe ile balbu ya kubonyeza mkononi na umfanye aibonyeze mara moja mbele yako aone kwamba unakuja. Hilo hakuna chuo kinachokupa alama zake.

Mama yako amesoma hapa begani kwangu, anasema sijajibu swali. Nimejibu. Basi niseme na ya upande wa pili, usije ukadhani nakuvuta. Dar utaona mishipa ya ubongo, utaona moyo unaopiga, utakaa na mabingwa wanaokusahihisha kila siku. Mshahara ule ungekuwa wangu, nyumba hii ingekuwa na plasta zamani. Kijana anahitaji kuona mengi, na sikatai kwamba kliniki ndogo inaweza kumfanya mtu alale. Nimewaona waliolala. Lakini nimewaona pia wenye mashine kubwa wanaopitisha watu bila kumjua hata mmoja, na hao nao wamelala, ila kwenye kiyoyozi.

Kabla hujajibu, waulize watu wa kliniki mambo kadhaa. Mlango wa chumba cha sumaku unafungwa na nani, na ufunguo wa usiku unakaa wapi? Umeme wa hapa unaujua. Ukikatika, taa zinazima, kompyuta inazima, na mlinzi anadhani mashine nayo imelala, anaingia na bunduki yake kuangalia kuna nini. Sumaku haizimi. Nyaya zake zimezama kwenye heli, gesi iliyopozwa mpaka ikawa kimiminika, ya nyuzi 269 chini ya sifuri, iwe kuna umeme au hakuna. Marekani mwaka 2001 mtoto wa miaka 6 alifariki kwa mtungi wa oksijeni ulioletwa chumbani akiwa ndani ya mashine, na ile ilikuwa hospitali yenye kila kitu. Waulize pia jenereta inabeba mtambo wa kupoza sumaku au taa tu. Waulize daktari bingwa anasomea picha hapohapo au zinatumwa mbali, na ukipata mzee mwenye vipande unampigia nani. Wakikujibu hayo bila kujiumauma, basi mimi naona… Hapana. Nilimwahidi mama yako kwamba sitakuamulia.

Umesema wanataka jibu Ijumaa. Nipigie kabla ya hapo, baada ya taarifa ya habari ya saa mbili, siyo wakati wa taarifa. Shangazi yako wa Mpwapwa anakusalimu, anauliza kama bado hujaolewa, nimemwambia akuulize mwenyewe. Na mama yako ameanza kutoa magunia ya alizeti kwenye chumba chako. Sikumtuma.

Ni mimi baba yako.