Ukialikwa kwenye pūpū Hawaii, soma mwaliko vizuri

Mwaliko wa Honolulu ukisema kutakuwa na pūpū nzito, usile chakula cha jioni kabla ya kutoka. Pūpū ni vitafunio (zamani neno lilitaja konokono na kombe wa baharini), lakini zikiwa nzito, mezani kutakuwa na vya kumshibisha mtu mzima. Zikiwa nyepesi ni za kusindikiza kinywaji tu, kwa hiyo tia kitu tumboni kwanza.

Mimi huanzia kwenye poke: samaki mbichi, aghalabu jodari wanayemwita ahi, aliyekatwa vipande na kuchanganywa na chumvi, mwani, na kokwa za kukui (mti wa huko) zilizobanikwa na kupondwa. Siku hizi wengi hutia sosi ya soya na mafuta ya ufuta. Kama samaki mbichi anakutia kinyaa, chukua poke ya pweza. Huyo kwa kawaida amechemshwa, na mtu wa pwani hana la kuogopa hapo.

Usiende mikono mitupu. Poke huuzwa kwa uzito kwenye kaunta za samaki, hata supamaketi. Soma kibandiko uone kama samaki aligandishwa. Wa kugandishwa ni nafuu na si mbaya, ila huwa amelegea na kutoa maji. Ukimwona amekaa kwenye kidimbwi, mwache. Nunua siku hiyohiyo, na uibebe kwenye barafu.

Wasiokula nguruwe wawe macho. Musubi, ule wali uliofinyangwa, ukawekewa kipande cha nyama ya kopo na kufungwa kwa mkanda wa mwani mkavu, unapendwa mno visiwani, na nyama yenyewe kwa kawaida ni nguruwe. Manapua, mikate meupe ya kuivishwa kwa mvuke, nayo mara nyingi ina nguruwe ndani. Uliza tu, hakuna atakayekasirika. Lomi samoni haina tatizo: samoni wa chumvi, nyanya na vitunguu, kachumbari yenye samaki. Karanga za kuchemsha na maganda yake pia hutengwa, na hapo mimi sibanduki.

Ile sinia yenye kimoto katikati, inayoitwa pūpū kwenye mikahawa ya Kichina ya Marekani bara, ilienezwa na baa za mtindo wa Kipolinesia zilizoanza miaka ya 1930. Ni tamu, ila usiiulizie kwa mwenyeji wako Oahu, kisiwa chenye Honolulu.

Viatu vua mlangoni. Ukifungiwa chakula wakati wa kuondoka, pokea.