Usipeleke Ankole mwaka huu na Karamoja mwakani

Mdogo wangu, umesema una damu ya ng'ombe wa Ankole na ya zebu, ng'ombe wenye nundu, wa Karamoja, hapa Uganda, na kwa kuwa fedha hazitoshi utasomesha jenomu, yaani vinasaba vyote, za Ankole sasa, za Karamoja mwakani, kisha utafute vinasaba vya kustahimili ukame. Nakuomba usubiri. Sisi tulifanya hivyohivyo, tukapoteza miaka miwili.

Ankole wetu walisomwa kwa kina, kila sehemu ya jenomu kama mara 30. Zamu ya zebu ilipofika fedha zilikuwa zimepungua, wakasomwa mara 8. Tulipolinganisha, zebu walionekana karibu wote sawa katika vipande kadhaa vya kromosomu. Tukashangilia, maana hiyo ni mojawapo ya alama za uteuzi asilia, yaani kinasaba chenye manufaa kuenea kwa kuwa wenye nacho huzaa zaidi. Kumbe ng'ombe ana nakala mbili za kila kinasaba, ya mama na ya baba, na ukisoma mara chache moja hukuponyoka: mnyama mwenye nakala tofauti anaonekana ana aina moja tu. Tulipopunguza data ya Ankole hadi mara 8, nao wakatoa "alama" kama zile.

Kwa hiyo changanya makundi yote mawili katika kila awamu ya mashine, kwa kina kilekile, hata kama itabidi upunguze idadi ya wanyama. Na usichukue wengi katika zizi moja. Dume mmoja anaweza kuzaa nusu ya ndama wa zizi, na ndugu hufanana vinasaba.

Hata hapo, tofauti si lazima iwe ukame. Ankole ni sanga, ana damu ya zebu na ya ng'ombe wa kale wa Afrika wasio na nundu, kwa hiyo mengi utakayoyaona ni asili tu. Ningelinganisha Ankole wa maeneo makavu na Ankole wenzao wa maeneo yenye mvua. Kumbuka selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kinga ya kinasaba chake dhidi ya malaria kwa kupima damu za watoto wa karibu na Kampala, si kwa kuhesabu tofauti za vinasaba peke yake.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Wafugaji walitupa damu tukiwaambia tunachunguza ndigana, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Ukame ni swali jipya. Lilihitaji kibali kipya cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kurudi kwao kuwauliza. Hatukurudi.

Niandikie una wanyama wangapi na wametoka mazizi gani, tupange pamoja watakaotangulia.