Jibu: Mbona saratani ya kibofu imeingia msulini?

Dada, pole sana. Umeuliza mbona saratani ya baba ilikuwa juu juu kibofuni, na sasa imeingia msulini, yaani kwenye msuli wa ukuta wa kibofu. Sisi wa Lamu tuukumbuke mtepe, chombo chetu cha kale cha baharini: mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Seli za utando wa kibofu nazo zimeshonwa. Uzi mmojawapo ni protini iitwayo kadherini-E, nayo haishiki bila kalsiamu. Kadherini hiyo ikipungua, seli za saratani hubanduka, hupenya hadi msulini, na huweza kufika tezi za limfu. Ndiyo maana daktari hukata kipande chenye msuli akakipime.

Na jamani, mkojo wa damu, hata usiouma, msiseme ni kichocho tu. Kichocho cha miaka mingi chenyewe huweza kuleta saratani ya kibofu.