Mtaa wetu unajaa maji: fedha za kuboresha makazi duni tuombe wapi?

SWALI: Ndugu mtaalamu, shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Temeke. Mtaa wetu haujapimwa, watu walijijengea wenyewe tangu miaka ya themanini. Masika maji yanaingia hadi vyumbani, na wako wenzetu ambao mvua ikikolea usiku wanatapisha vyoo, yaani wanafungulia kinyesi kiende na maji ya mvua. Gari la kunyonya vyoo haliingii, hata bajaji inapita kwa shida. Mtaa wa jirani wao walipata lami, mtaro na taa kupitia DMDP, ule mradi mkubwa wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam. Tumeandika barua kwa mheshimiwa mbunge na kwa mkurugenzi wa manispaa, hatujajibiwa. Wengine wanashauri tusajili kikundi, tuchukue ile asilimia 10 ya halmashauri tujenge mtaro. Je, serikali ina fungu gani kwa mitaa kama wetu, tuombe wapi, na ni lazima wananchi wachange?

JIBU: Marahaba, ndugu mjumbe. Nianze na lisilopendeza: hakuna fungu moja la serikali linaloitwa la mitaa duni, ambalo mnajaza fomu na kusubiri. Fedha zipo, ila zimegawanyika katika mifuko kadhaa, kila mmoja una mwenyewe na msimu wake. Barua yenu kwa mkurugenzi ilipokelewa masijala, ikagongwa muhuri, ikaingia kwenye jalada. Hata kama mkurugenzi aliisoma akawahurumia, katikati ya mwaka wa fedha hana kifungu cha kuwalipia. Kimya mlichokutana nacho mara nyingi maana yake ni hiyo tu.

Jambo la pili ambalo wajumbe wengi hawaambiwi: mtaa, tofauti na kijiji, si chombo chenye nafsi ya kisheria. Halmashauri ya kijiji inaweza kuingia mkataba, kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Mtaa hauwezi. Kwa hiyo hakuna mfuko utakaoweka fedha mikononi mwa kamati yenu. Mradi wowote utakaofika kwenu utasainiwa na manispaa au na wakala wa serikali. Kazi yenu ni kuhakikisha mradi wenu umo kwenye orodha yao kabla orodha haijafungwa.

Tuiondoe hiyo asilimia 10 mezani kwanza. Ni mikopo isiyo na riba inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri, kwa mujibu wa kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Ni fedha za biashara na lazima zirudi. Mtaro hauuzi kitu, sasa rejesho la kila mwezi litatoka wapi? Mkishaingia humo mtaishia kudaiwa ninyi wenyewe. Ila kama vijana wenu wanataka kuanzisha kazi ya kuzoa taka au kunyonya vyoo kwa pampu za mkono, kama baadhi ya vikundi vya Temeke vinavyofanya, huo ndio mkopo wao.

Sasa DMDP. Ulianza kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioidhinishwa mwaka 2015, ukatekelezwa katika manispaa za Dar es Salaam chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Awamu ya pili inagusa halmashauri zote tano za mkoa. Miradi ya namna hii haiombwi kwa barua. Maeneo huchaguliwa wakati mradi unasanifiwa, na orodha hutoka kwenye vipaumbele ambavyo halmashauri tayari inavyo kwenye makabrasha yake. Jirani zenu hawakuwa na bahati wala mtu ngazi za juu, au tuseme si lazima awepo. Mtaa wao ulikuwa umeshaandikwa mahali. Ukitaka kujua kama mtaa wenu umo awamu hii, nenda manispaa ukamwone mratibu wa mradi, muulize orodha ya barabara na mitaro. Si siri. Na kama hamumo, msipoteze mwaka mzima kulalamika. Geukieni fedha za kila mwaka, maana hizo pia ndizo zinazowaingiza kwenye orodha ya mradi mkubwa ujao.

Hapa watu wengi wanagonga mlango usio wao. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaani haziko tena chini ya mhandisi wa manispaa, ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mtaro wa kando ya barabara ni wa TARURA. Vyoo na majitaka, muulizeni DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya Dar es Salaam, pamoja na afisa afya wa kata. Taka ngumu ni za manispaa. Pale manispaa penyewe kuna maofisa wawili wanaochanganywa kila siku: afisa mipango anayeshika bajeti, na afisa mipango miji anayeshika michoro ya ardhi. Mkimpelekea wa pili maombi ya fedha atawasikiliza kwa adabu, na ndiyo itakuwa mwisho.

TARURA inaendeshwa kwa sehemu kubwa na tozo ya mafuta inayopitia Mfuko wa Barabara, na katika bajeti ya 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizo za chini. Lakini fedha ya matengenezo hufuata barabara inayotambuliwa kwenye mtandao wao. Njia yenu ambayo bajaji inapita kwa shida huenda haimo kabisa. Swali la kwanza kwa meneja wa TARURA wa wilaya liwe hilo: je, njia hii imesajiliwa? Kama haijasajiliwa, ombi lenu la kwanza ni kuitambua, lami itakuja baadaye. Inachosha, najua, ila ndiyo hatua inayofungua nyingine.

Kuhusu msimu. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mwongozo wa bajeti hutoka karibu na mwisho wa mwaka, halmashauri zinajadili makisio Januari na Februari, Bunge linapitisha kati ya Aprili na Juni. Kwa hiyo mradi wenu unatakiwa uwe umepita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kabla ya Desemba. Mitaa inakumbuka mtaro Aprili, maji yakiwa magotini. Kwa wakati huo bajeti ya mwaka unaofuata imeshafika Dodoma.

Na kinachopita kwenye kamati ya kata ni muhtasari wa kikao, si kilio. Nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikisoma mihtasari ya mitaa. Mingi imeandikwa hivi: “Wananchi waliomba serikali iwaboreshee miundombinu.” Afisa mipango hawezi kuifanyia chochote sentensi hiyo, haina urefu wala mahali. Andikeni namna hii, mkibadilisha takwimu ziwe zenu: “Mkutano mkuu wa wakazi umeazimia kuwa kipaumbele cha kwanza cha mtaa kwa mwaka wa fedha ujao ni mtaro wa mawe wenye urefu wa mita 340, kuanzia msikitini hadi kwenye karavati la barabara kuu. Wenye nyumba 11 zinazopakana na njia hiyo wameridhia kwa maandishi kuachia nafasi, na ridhaa zao zimeambatanishwa.” Ambatanisheni mahudhurio yenye sahihi, na picha za alama ya maji ukutani zilizopigwa masika iliyopita. Kisha pitieni kwa mtendaji wa kata kumwomba mhandisi wa TARURA afike kupima na kutoa makadirio. Mradi wenye makadirio unapangiwa fedha, usio nayo unaahirishwa.

Mmeona nimeandika mradi mmoja. Mkileta mtaro, lami, taa, zahanati na uwanja kwa pamoja, mtakuwa mmewaachia wengine wawachagulie, nao watachagua kilicho rahisi kuzinduliwa. Binafsi ningeanza na mtaro, hata kama vijana wanataka lami. Lami isiyo na mtaro kwenye eneo tambarare la Temeke inachimbuka misimu miwili mitatu, na mara nyingi inayanyanyua maji kuyapeleka kwenye nyumba zilizo chini ya usawa wa barabara.

Lakini mtaro unaishia wapi? Hili ndilo linaloua miradi mingi, kuliko hata upungufu wa fedha. Mtaro mzuri wa zege usio na pa kumwaga maji unageuka dimbwi la mbu na jalala. Mtembee njia yote ya maji kwa miguu, ninyi wajumbe wenyewe, kuanzia nyumba ya kwanza inayofurika hadi yanapoingia kwenye mkondo mkubwa, kama ni Mto Kizinga au mtaro mkuu uliopo. Mtakuta mahali ambapo mtu amejenga ukuta juu ya mkondo. Mtakuta pia mpaka wa mtaa, na ng’ambo ya mpaka kuna mwenyekiti mwingine ambaye hataki maji yenu. Ana haki. Kaeni naye kabla ya mhandisi kuja, na ikiwezekana mradi uandikwe wa mitaa miwili. Kwenye kamati ya kata mradi wa mitaa miwili una kura mbili. Nyumba zilizo ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto ni habari nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu humo, hivyo msitarajie fedha za serikali kuziboresha, na msiziweke kwenye andiko lenu kana kwamba sheria haipo.

Ardhi nayo. Mradi mkubwa wa mkopo wa nje una bajeti ya fidia, na taratibu zake ni ndefu. Mradi mdogo wa mapato ya ndani au wa TARURA kwa kawaida hauna hata shilingi ya fidia. Mwenye choo, baraza au kibanda kilichoingia njiani akikataa, mradi unahamia kata nyingine. Hapo ndipo ridhaa za maandishi zinapokuwa na uzito kuliko barua kumi. Kwa muda mrefu zaidi, fuatilieni urasimishaji, yaani kupima na kutambua rasmi viwanja vilivyokwishajengwa, ambao Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inauruhusu kwa makazi yaliyojengwa bila mpango. Watu wanaufuata kwa ajili ya hati, sawa, ila kwa mtaa kama wenu faida kubwa ni mchoro: unaonyesha njia ipi ni ya umma na ina upana gani. Gari la kunyonya vyoo linahitaji kama mita tatu. Hakikisheni njia mbili tatu zenye upana huo zimo kwenye mchoro kabla hamjausaini, kwa sababu kampuni ya upimaji inayolipwa kwa idadi ya viwanja haitawakumbusha.

Mbunge mlimwandikia, si vibaya. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo upo kwa sheria ya mwaka 2009, yeye ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Asilimia 25 hugawanywa sawa kwa majimbo yote, iliyobaki hufuata idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Ukifika chini ni kidogo, na umekusudiwa kusukuma kazi ambayo wananchi wameianza. Hautajenga mita 340 za mtaro. Unaweza kununua saruji na nondo za karavati moja lililobaki. Nendeni kwake na ombi la ukubwa huo, likiwa limepitia kata.

Kuchanga: kwa barabara ya TARURA au mradi wa aina ya DMDP, hapana, hakuna sharti la kuwatoza. Ila historia ya jiji hili inaonyesha mchango ulivyofanya kazi. Hanna Nassif, Kinondoni, wakazi walijenga mitaro yao miaka ya 1990 kwa mikataba ya kijamii, yaani kazi walipewa wakazi wenyewe badala ya mkandarasi, wakisaidiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNDP na ILO, na waliofanya kazi walilipwa. Mradi wa kuboresha miundombinu ya jamii (CIUP) uliofuata miaka ya 2000, kwenye mitaa 31 ya Dar es Salaam, wakazi walichangia asilimia 5 ya gharama. Mkiamua kuchanga, iazimiwe kwenye mkutano mkuu, fedha zipokelewe kwa risiti ya serikali kupitia ofisi ya kata, si kwenye simu ya mweka hazina. Binafsi ningependelea mchango wa nguvu: kuzibua, kubomoa vibaraza, kuchimba msingi. Na muulizeni mhandisi mapema kuhusu zabuni za makundi maalumu, maana sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Kikundi mlichotaka kukisajili ili kikope kinaweza kusajiliwa ili kilipwe kujenga mtaro huohuo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayeanza nacho.