Gandhi na chumvi

Swali: Shikamoo mhariri, mi niko Uvinza huku Kigoma, kwetu chumvi ndo maisha. Eti Gandhi alitembea kwa mguu sababu ya chumvi, kweli?

Jibu: Marahaba, kweli kabisa. Alikuwa mwanasheria tu, 1893 akatolewa kwenye treni Afrika Kusini kisa rangi, ndo akaanza kutetea Wahindi wenzake mpaka baadae wakamwita Mahatma, yaani roho kuu. Sasa 1930, keshafika kwao India, Mwingereza aliyekuwa anaitawala anatoza kodi ya chumvi na kutengeneza mwenyewe marufuku, mzee wa miaka 60 akashika fimbo, siku 24, kama kilomita 390 hadi Dandi, kijiji cha pwani huko India, akainama akaokota chumvi yenye matope. Alifungwa, maelfu pia. Nyie wa Uvinza mnaojua jasho la kuchemsha chumvi mtaelewa uchungu wake.