Ruzuku ya kuhifadhi shamba: niombe wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninalima mikorosho kwenye mteremko karibu na Newala, na kila masika maji huchimba makorongo na kuuondoa udongo. Mpwa wangu aliyeko Marekani ananiambia kwamba huko serikali humlipa mkulima anayepumzisha ardhi. Kijijini kwetu amekuja mtu anayedai kutujazia fomu za malipo ya aina hiyo kwa ada. Je, tumwamini?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, mpwa wako amesema kweli, ila ameeleza mambo ya huko aliko. Sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 1985 ilianzisha mpango ambao mkulima huingia mkataba wa miaka 10 hadi 15, akaacha kulima ardhi inayomomonyoka, akaipanda nyasi au miti, na serikali ikamlipa kila mwaka kwa kila ekari. Hata huko maombi hushindanishwa, na si kila anayeomba hupata.

Kwetu Tanzania ruzuku hutolewa zaidi kwa njia ya pembejeo, yaani mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023, pamoja na salfa na viuatilifu vingine vya mikorosho vinavyosimamiwa na Bodi ya Korosho. Anayewauzia fomu za kulipwa kwa kupumzisha shamba anawauzia mbuzi kwenye gunia. Msimpe hata shilingi. Kujiandikisha kwenye daftari la wakulima ili kupata pembejeo hizo hakulipiwi: nenda kwa mtendaji wa kijiji au afisa ugani ukiwa na namba ya NIDA, namba ya simu na vipimo halisi vya shamba, kwa sababu ekari zilizokisiwa ndizo huzua ugomvi wakati wa mgao.

Hata hivyo salfa huzuia ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haizibi korongo. Mwombe afisa ugani huyohuyo akupimie kontua, yaani mistari ya usawa inayokata mteremko, kisha uchimbe makingamaji ya fanya juu, yaani mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta, na kupanda majani ya vetiva juu ya tuta, ukianzia sehemu ya juu ya mteremko, kwa maana anayeanzia chini hufukiwa na tope la mvua ya kwanza.

Ikiwa maji hayo yanatoka kwenye msitu wa kijiji uliofyekwa, suala hilo si lako peke yako, bali ni la mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake, na huko Kilwa vipo vijiji vilivyofanya hivyo, vikavuna mpingo kwa utaratibu na kupata mapato yaliyobaki kijijini.